Ufunguo wa Kabati: Mambo ya Kujifunza Kutoka kwa Mikutano ya Wakutubi

(Mazungumzo kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, Kitale na Bungoma)

 

Maneno haya tuliyasema kwanza Kitale, halafu tukayarudia Bungoma. Baadhi yenu mliomba yaandikwe ili muwasomee wenzenu waliobaki nyumbani na ng'ombe. Basi tumeyaandika karibu vile vile tulivyoyasema.

Leo tunazungumza juu ya mikutano ya wakutubi. Mkutubi ni mtu aliyesomea kazi ya maktaba: kukusanya vitabu na habari, kuvipanga, kuvitunza na kuviazimisha kwa watu. Tulipotaja jambo hili kule Kitale, mzee mmoja alisimama akatuuliza: "Sisi tumekuja kuongea juu ya mbolea na mkopo. Hayo mambo ya maktaba yanatuhusu nini?" Ni swali zuri, na kuuliza si ujinga. Tutalijibu. Lakini tukubalieni kwanza tuseme kosa letu wenyewe, maanake jibu limo ndani yake.

KOSA LETU LA MWAKA 2017

Mnakumbuka msimu wa mvua ndefu wa mwaka 2017. Mahindi yakiwa bado machanga, mdudu mgeni aliingia huku kwetu magharibi mwa Kenya. Ni wale viwavijeshi vamizi. Wengi walidhani ni yule mdudu wa kutoboa mabua tuliyemzoea, wakangoja.

Ofisi yetu ililetewa karatasi za mafunzo juu ya mdudu huyo. Zilieleza mambo machache tu, tena kwa lugha rahisi. Tembelea shamba kila wiki tangu mahindi yanapoota. Fungua moyo wa mmea uangalie ndani. Ponda mayai na viwavi kwa mkono. Ukilazimika kupulizia dawa, pulizia kiwavi akiwa bado mdogo, asubuhi mapema au jioni. Tulizipokea karatasi, tukatia sahihi, tukazifungia kabatini zisichafuke. Ufunguo alikuwa nao mwenzetu mmoja, naye akaenda semina ya wiki mbili.

Mama mmoja wa kikundi cha karibu alifika kwetu na jani la mahindi lililotobolewa, amelifunga kwenye leso. Tulimwambia mwenye ufunguo hayupo. Akaja tena wiki iliyofuata, tukamwambia vile vile. Kabati lilipofunguliwa, viwavi walikuwa wamekwisha kuwa wakubwa, wamejificha ndani kabisa ya moyo wa mmea, mahali ambapo dawa haifiki vizuri. Katika nusu ekari yake mama huyo alivuna magunia mawili tu, naye ana watoto wa kusomesha.

Hakutukasirikia. Alisema tu: "Kumbe dawa ilikuwa kwa kabati." Maneno hayo hayajatutoka.

Baada ya hapo tulimwendea rafiki yetu mmoja ambaye ni mkutubi. Tulitaka atufundishe namna ya kutunza vitabu na karatasi vizuri. Akatusikiliza, halafu akasema shida yetu haikuwa kutunza. "Kutunza mmetunza sana," alisema. "Hamkutoa. Hata sisi wakutubi tuna ugonjwa huo, na ndiyo maana tunakutana, tukumbushane." Tukamwomba atueleze hiyo mikutano yao. Haya tutakayosema sasa, mengi tuliyapata kwake.

WAKUTUBI HUKUTANA WAPI

Liko shirikisho la vyama vya maktaba vya dunia nzima linalojulikana kwa herufi zake, IFLA. Lilianzishwa mwaka 1927 katika mji wa Edinburgh, Uskoti. Mwaka 1984 lilifanya mkutano wake mkuu wa 50, na mahali palikuwa Nairobi. Ilikuwa mara ya kwanza mkutano huo kufanyika katika bara la Afrika. Jambo kuu lililozungumzwa lilikuwa msingi wa huduma za maktaba na habari kwa ajili ya maendeleo ya taifa.

Wakubwa miongoni mwetu wanaukumbuka mwaka 1984 kwa jambo lingine: ukame, na ugali wa mahindi ya manjano yaliyotoka ng'ambo. Mtu angeweza kucheka: nchi ina njaa, na watu wa vitabu wanakutana! Lakini tazameni. Mwaka huo huo, hapa karibu na Kitale, kilianzishwa kituo cha kilimo cha Manor House, ili wakulima wadogo wajifunze kuzalisha chakula bila gharama kubwa. Walioanzisha kituo kile waliona kwamba pamoja na mvua, watu walihitaji maarifa. Njaa na ukosefu wa habari ni ndugu, hutembea pamoja.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna mkutano wetu wa karibu zaidi. Zamani kilikuwapo chama kimoja cha maktaba cha Afrika Mashariki nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kiligawanyika, kila nchi ikashika njia yake. Chama cha Maktaba cha Kenya kilianza mwaka 1973. Wangeweza kuachana hapo, sivyo? Lakini mwaka 1974 walikutana Dar es Salaam, na kuanzia hapo umekuwapo mkutano wa vyama vya nchi za mashariki, kati na kusini mwa Afrika. Unaitwa SCECSAL. Hufanyika kila baada ya miaka miwili, leo nchi hii, kesho ile. Mwaka 2012 zamu ilikuwa ya Nairobi.

Hapo pana somo la kwanza. Sisi nasi tumegawanywa mara nyingi. Kitale ilikuwa Mkoa wa Bonde la Ufa na Bungoma Mkoa wa Magharibi. Leo kila mmoja ana kaunti yake. Vikundi vyetu vingine vimevunjika kwa ugomvi wa pesa, vikazaa viwili au vitatu. Kugawanyika si mwisho. Wanaofanya kazi moja wanaweza kuendelea kukutana na kupeana habari hata kama kila mmoja ana mhuri wake na mweka hazina wake.

SIKU ZA MKUTANO ZINAVYOKWENDA

Mtu akisikia "mkutano wa wataalamu" hufikiri ni hotuba na chai. Hotuba zipo na chai ipo. Lakini kazi yenyewe imepangwa, na mpango wake unaweza kuigwa hata chini ya mwembe.

Kwanza kuna ripoti za nchi. Katika mkutano wa SCECSAL kila chama husimama kueleza hali ya kwao tangu walipoonana mara ya mwisho: kazi gani imefanyika, nini kimekwama. Sikilizeni hapo pa kukwama. Sisi katika vikundi vyetu tukitoa ripoti mbele ya wageni, tunataja tu kuku walioongezeka. Wale waliokufa kwa kideri hatuwataji. Sasa jirani yako atajikinga namna gani na kideri ambacho hakusikia kilipita kwako?

Pili kuna mada. Mtu mmoja amefanya utafiti au amejaribu jambo katika maktaba yake, analisoma kwa wenzake kwa muda mfupi aliopewa. Mwenyekiti wa kikao anashika saa. Baada yake ni maswali. Hata kama msomaji ni profesa, kijana wa juzi anaruhusiwa kumuuliza: "Ulijuaje? Ulihesabu vipi?" Haichukuliwi kuwa utovu wa adabu. Kwetu, mwenyekiti akisema faida ya duka la kikundi ni kadha wa kadha, ni nani anayethubutu kuuliza ilihesabiwa vipi? Wazee wetu mtuwie radhi, lakini heshima isiwe pazia la kufichia hesabu.

Tatu kuna vikundi vidogo vya kazi. Wa maktaba za shule hukaa kwao, wa maktaba za watoto kwao, wa kutunza nyaraka za zamani kwao. Hapo hakuna hotuba. Ni watu kumi, kumi na watano, wanaonyeshana: sisi tunafanya hivi, na ninyi je?

Nne kuna maonyesho. Wauza vitabu, watengeneza rafu na watu wa kompyuta hupanga meza zao. Mkutubi huzunguka, hushika, huuliza bei, hulinganisha. Jambo la kujifunza hapa ni kulinganisha: hanunui kwenye meza ya kwanza.

Tano kuna ziara. Wajumbe hupelekwa kuona maktaba za mji waliokutania, waone kazi yenyewe mahali inapofanyika. Ninyi mnajua faida yake. Mwanakikundi wa Kimilili akienda kuona zizi la mbuzi wa maziwa kule Kiminini, siku moja inamtosha kuliko mihadhara ya mwezi.

Mwisho kuna mkutano wa chama chenyewe: hesabu za fedha, uchaguzi wa viongozi, na maazimio. Halafu mada zilizosomwa hukusanywa na kuchapishwa, ili aliyekosa nauli naye asome. Neno likishasemwa mkutanoni haliachwi lipotee na upepo. Waswahili walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Nasi tunaongeza: hata mkutano bila daftari huisha bila habari.

SWALI MOJA LINALORUDI KILA MARA

Rafiki yetu alituambia kwamba ukichambua mikutano hiyo yote, chini ya mada zote kuna swali moja: ni nani ambaye huduma yetu haijamfikia?

Kenya ina historia juu ya swali hilo. Pale Nairobi ipo maktaba ya McMillan, jengo zuri la mawe lenye sanamu za simba mlangoni, lililofunguliwa mwaka 1931. Vitabu vilikuwa vingi na vilitunzwa vizuri. Lakini kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Kwa hiyo kwa babu zetu ile haikuwa maktaba. Lilikuwa kabati lililofungwa.

Baada ya Uhuru, mwaka 1965, Bunge lilitunga sheria ya kuunda huduma ya maktaba ya taifa, nayo ikaanza kazi mwaka 1967. Lakini jengo la mjini halimfikii kila mtu. Kule kaskazini mashariki wafugaji huhama na mifugo yao, na gari hukwama mchangani. Basi mwaka 1996, Garissa, wakutubi walianza kupeleka vitabu kwa ngamia. Ngamia mmoja anabeba masanduku ya vitabu, mwingine anabeba hema. Wakifika, hema linasimamishwa, mikeka inatandikwa, watoto wanasoma.

Mnaona tofauti? McMillan ya zamani ilikuwa na vitabu vingi na mlango uliofungwa. Ngamia ana masanduku machache, na mlango hana kabisa. Sisi ofisini mwaka 2017 tulikuwa McMillan ya zamani. Tunasema hivi kwa aibu, lakini tunasema.

SANDUKU LA KIKUNDI

Sasa turudi kwa mzee wetu aliyeuliza juu ya mbolea na mkopo. Mzee, habari za mbolea ziko kwenye karatasi. Masharti ya mkopo yako kwenye karatasi. Swali ni karatasi hizo ziko wapi, na nani ana ufunguo.

Hatuwaambii mjenge maktaba. Tunasema kila kikundi kiwe na sanduku. La mbao au la bati, lenye mfuniko, lililoinuliwa juu ya mawe au matofali ili mchwa wasilifikie. Ndani yake wekeni vitu vya aina mbili, na msivichanganye.

Aina ya kwanza ni vya kuazima: vijitabu vya kilimo na mifugo, vya afya ya mama na mtoto, magazeti yenye habari zinazodumu, vitabu vya shule ambavyo watoto wamemaliza. Kila kimoja kiandikwe nambari. Kisha liwepo daftari lenye safu tano: tarehe, jina la mwazimaji, nambari ya kitabu, siku ya kurudisha, na sahihi ya kurudisha. Asiyejua kuandika aweke kidole gumba, na mjukuu wake amsomee nyumbani. Hiyo ndiyo maktaba. Iliyobaki ni ukubwa tu.

Aina ya pili ni vya kutunza: katiba ya kikundi, cheti cha usajili, kumbukumbu za mikutano, orodha ya wanachama, daftari la michango, risiti, karatasi za benki. Hivi haviazimwi. Lakini mwanachama yeyote ana haki ya kuja kuvisoma mbele ya katibu. Mnajua afisa wa maendeleo ya jamii huuliza kumbukumbu, katiba na orodha ya wanachama mnapoandikisha kikundi. Kikundi kisichoweza kuvionyesha hurudishwa nyumbani, hata kama kina nguvu namna gani.

Sanduku liwe na funguo mbili, kwa watu wawili wasio wa nyumba moja. Akisafiri mmoja, mwingine yupo. Kama tungalifanya hivyo, yule mama angalivuna.

Mama mmoja wa Bungoma alituuliza: "Na vitabu vikipotea?" Vitapotea. Tulimuuliza rafiki yetu mkutubi swali hilo hilo, akacheka. Alisema hakuna maktaba isiyopoteza kitabu. Ukitaka usipoteze hata kimoja, usiazimishe hata kimoja, na hapo umevipoteza vyote siku moja. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimemaliza kazi yake. Kinachotia huzuni ni kile kipya kilicholiwa na mchwa kabla ya kufunguliwa.

NAKALA MAHALI PENGINE

Liko jambo lingine ambalo wakutubi hulishughulikia sana, nalo ni kuhifadhi. Kitu cha maana kisikae mahali pamoja tu. Sisi wa pande hizi hatuhitaji kufundishwa sababu. Mwaka 1991 na 1992 vita vya kikabila vilipozuka Trans Nzoia na kandokando ya Mlima Elgon, watu walikimbia usiku na watoto migongoni. Walikimbia tena wakati wa machafuko ya Mlima Elgon yaliyoanza 2006, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Nyumba ikiungua, karatasi nazo zinaungua, na mtu aliyerudi hana cha kuonyesha kwamba hapa palikuwa pake au kwamba alikuwa na hisa katika kikundi.

Basi katiba, cheti na orodha ya wanachama na hisa zao, pigeni nakala. Moja ikae sandukuni, nyingine parokiani au kwa kikundi rafiki cha upande wa pili. Kitale mtunzie Bungoma, Bungoma mtunzie Kitale. Siku hizi hata picha ya simu inasaidia, ikiwa imewekwa kwa simu za watu watatu. Lakini simu huibiwa na huanguka majini, kwa hiyo karatasi isiachwe.

NI HAKI, SI HISANI

La mwisho. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 35, inasema kila raia ana haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na mwaka 2016 ikatungwa sheria ya kutekeleza haki hiyo. Tena Jedwali la Nne la Katiba limeweka maktaba katika kazi za kaunti, pamoja na makumbusho. Kwa hiyo mnapoitwa kutoa maoni juu ya bajeti ya kaunti, msiulize barabara na zahanati peke yake. Ulizeni pia: maktaba imetengewa nini? Sanduku la vitabu linaweza kufika sokoni kwetu siku gani? Msipouliza, hakuna atakayewaulizia.

Wapendwa, hatukuja kuwafanya wakutubi. Tumekuja kusema kwamba watu waliosomea kutunza vitabu, wakikutana, hukumbushana kuvitoa. Ofisini kwetu kabati sasa halina kufuli mchana. Karatasi zimepungua, nyingine hazikurudi. Msimu uliopita yule mama alikuja kuchukua kijitabu cha kuhifadhi mahindi yasiingiwe na wadudu. Alikichukua mwenyewe kwenye rafu, akatia sahihi daftarini, akaondoka bila kutuuliza neno.



MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, karatasi zetu ziko wapi leo hii, na nani ana ufunguo? Akisafiri inakuwaje?

2. Ni habari gani tuliyoipata ikatusaidia, lakini hatukumpa jirani? Kwa nini?

3. Ripoti yetu ya mwisho ilitaja mambo gani yaliyokwama? Kama haikutaja lolote, je, hakuna lililokwama?

4. Tunaweza kuanza sanduku kwa vitu gani tulivyo navyo tayari nyumbani, bila kuomba mfadhili? Nani ataanza, na tarehe gani? Katibu aandike jina na tarehe, na mkutano ujao aanze kwa kusoma hapo.